Bendera Nyekundu na Mlango wa Ozi

Mtu asimamaye Kipini, pale mto Ozi umwagapo maji yake baharini, haoni alama yoyote ya mpaka. Huona mikoko, na maji ya rangi ya tope, na mitumbwi ya Wapokomo ishukayo kutoka mashamba ya mpunga. Hata hivyo mlango wa mto huu ulipata kuwa mwisho wa ufalme. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash, atambuliwe kuwa mwenye ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu, nao ukanda huo ukome Kipini upande wa kaskazini. Barghash hakuwa na la kufanya ila kukubali. Watu wa Ozi hawakuulizwa.

Ng'ambo ya mpaka huo, huko Witu, alikuwako mtawala mwingine, wa ukoo wa Nabahani, ambaye watumwa waliotoroka kwa mabwana zao walikimbilia kwake. Ufalme wake ulivunjwa nguvu na wageni: mwezi wa Oktoba 1890, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa Witu, jeshi la Kiingereza chini ya Admirali Fremantle lilishuka pwani, likaenda likauchoma mji wa Fumo Bakari. Nautaja mkasa huo ili msomaji aone tofauti. Kiti cha Witu kilipinduliwa na manowari. Kiti cha Unguja, miaka 73 baadaye, kilipinduliwa na watu waliokuwa wakitawaliwa nacho.

Mwaka 1895 Sultani aliwakodisha Waingereza ukanda huo wa pwani, kwa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka. Tangu hapo enzi yake ikawa ya jina zaidi kuliko ya nguvu. Bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu huko Mombasa, maliwali na makadhi walihukumu kwa jina lake, lakini amri zilitoka kwa Gavana. Wanafunzi wangu hucheka niwaambiapo kwamba nchi yaweza kupangishwa kama chumba. Wapangaji wenyewe hawakucheka. Waliyaweka mapatano hayo kwa uangalifu mkubwa, na Kenya ilipokaribia uhuru, karatasi hizo zilizusha ugomvi. Walikuwako watu wa pwani waliodai kwamba Mwambao usiingizwe katika Kenya, bali ujitawale au urudi kwa Sultani. Sir James Robertson, aliyetumwa kuchunguza jambo hilo mwaka 1961, alishauri ukanda uunganishwe na Kenya. Basi mwezi wa Oktoba 1963 Bwana Jomo Kenyatta na Sheikh Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja, walibadilishana barua. Na tarehe 12 Disemba mwaka huo, siku ya uhuru wa Kenya, nchi yote toka Vanga hata Kipini ikatoka katika milki ya Sultani.

Sultani wakati huo alikuwa Seyyid Jamshid bin Abdullah, aliyeshika kiti mwezi wa Julai 1963 baada ya kufa baba yake. Unguja yenyewe ilikuwa imepata uhuru siku mbili kabla ya Kenya, yaani tarehe 10 Disemba. Lakini uhuru huo ulikuwa na kasoro ambayo kila mkulima aliweza kuihesabu kwa vidole. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata kura 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu kati ya 31. Vyama viwili vilivyoshirikiana, Hizbu na kile cha Sheikh Shamte, vilipata viti 18, vikaunda serikali. Walio wengi walijiona wamenyimwa ushindi wao. Tena mashamba makubwa ya karafuu yalikuwa mikononi mwa wachache, na kumbukumbu ya utumwa haikuwa imefifia. Serikali mpya nayo ikafanya kosa ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: iliwaondoa kazini askari polisi waliotoka bara, watu walioijua bohari ya silaha na milango yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, watu mia kadhaa wenye mapanga, pinde na mikuki waliishambulia kambi ya polisi ya Ziwani na bohari ya Mtoni. Kiongozi aliyesikika redioni asubuhi alikuwa John Okello, mzaliwa wa Uganda, aliyejiita Field Marshal. Mchana haujaisha, serikali ilikuwa imekwisha kuanguka. Uhuru wa Sultani ulidumu siku 33. Abeid Amani Karume akawa Rais. Okello mwenyewe, kufika Machi, alikuwa amekwisha kuzuiwa asirudi visiwani.

Wengine husimulia siku hizo kama sherehe tupu. Siwezi kusimulia hivyo. Watu wengi sana waliuawa, hasa Waarabu, na miongoni mwao wanawake na watoto ambao hawakupata kumnyang'anya mtu shamba. Madai ya walio wengi yalikuwa ya haki. Mauaji yale hayakuwa haki.

Jamshid alipanda meli iitwayo Seyyid Khalifa, iliyopewa jina la babu yake, akaelekea Mombasa. Mwezi mmoja kamili ulikuwa umepita tangu pwani ile ihesabiwe kuwa milki yake. Meli ikakaribia mji ule ambao bendera ya ukoo wake ilipepea juu ya ngome, lakini serikali ya Kenya haikumruhusu kushuka. Ikambidi kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko akapelekwa Uingereza. Alikaa Portsmouth zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 2020 aliruhusiwa kwenda Oman, nchi ya mababu zake, naye akafariki huko tarehe 30 Disemba 2024, mwenye umri wa miaka 95.

Huku Ozi, mwezi ule wa Januari, mto uliendelea kupanda na kushuka kwa maji ya bahari, na wenye mashamba wakaufuata kama walivyozoea.