Motere ya grupu ikisere: namna ya kuifungua bila kuiharibu

Hapa kwetu grupu ndogo ya esansi inachajisha telefone, inawasha taa usiku, inalisha kinyozi na familia yake. Siku moja kamba ya kuwashia inakatala kuvutika. Mafundi wanasema: motere imesere. Maana yake, pistoni imekamatana na silinda. Wengi wanavuta kamba kwa nguvu ya watu wawili ao wanakamata nyundo. Hapo ubovu mudogo unakuwa ubovu mukubwa.

Ilisimama namna gani?

Kuna njia mbili za kusere. Ya kwanza ni kutu. Grupu ililala miezi mingi, labda wenyewe walikimbia wakaiacha ndani ya nyumba, na unyevu ukaingia. Ile mara mingi inafunguka.

Ya pili ni moto. Ilisimama yenyewe ikiwa kazini, sababu oili ilikuwa kidogo. Aluminiyo ya pistoni inaweza kuwa imejipakaa ku silinda, ao byeli, ule mukono unaosukumwa na pistoni, umekamata. Usiimwangie maji, iache ipoe. Hata ikizunguka tena kisha kupoa, usiiwashe. Fundi aifungue kwanza.

Imesere kweli?

Toa esansi yote. Toa waya ya buji, kisha buji yenyewe, ujaribu kuzungusha. Kama inazunguka, haikusere: esansi ao oili ilijaa juu ya pistoni, sawa vile inatokea grupu ikibebwa imelala. Fungua pia kifuniko cha kamba, sababu wakati mwingine ni kamba tu imejisokota.

Kuifungua pole pole

1. Weka grupu namna tundu la buji linaangalia juu.
2. Changanya mazutu na oili safi ya motere, nusu kwa nusu. Mwanga vijiko viwili ao vitatu ndani ya tundu. Funika na kitambaa.
3. Ngojea siku nzima. Kama mafuta yameshuka, ongeza. Kutu nyingi inaweza kuomba siku tatu, hata juma moja.
4. Tia ufunguo ku nati kubwa ya gurudumu zito, lile linalokuwa nyuma ya kifuniko cha kamba. Sukuma kidogo upande wa kukaza. Upande mwingine nati inaweza kufunguka. Usitundike bomba refu ku ufunguo.
5. Ikisogea hata kidogo, rudisha gurudumu kwa mikono, kisha endelea: mbele, nyuma, ukiongeza mafuta.

Usipige gurudumu nyundo: linapasuka, na sumaku zake zinaharibika. Kama kisha juma moja hakuna kitu kinasogea, kazi ni ya fundi mwenye kufungua silinda.

Mbele ya kuwasha

Zungusha mara mingi buji ikiwa inje, ili mafuta yatoke. Uso wako usiwe mbele ya tundu, na moto ama sigara isiwe karibu. Kisha mwanga oili yote ya chini: mazutu imeshuka mule, na oili yenye mazutu haichungi motere tena. Tia oili mupya mupaka ku alama, buji safi, esansi mupya.

Washa inje ya nyumba. Moshi mingi ya kwanza ni ya mafuta yaliyobaki, itapunguka. Lakini usiiwashe ndani hata na dirisha wazi: moshi ya grupu iko na gazi isiyo na harufu, inaua watu wakiwa wanalala. Kisha saa moja ya kazi, badilisha oili tena. Kama haina nguvu ao inaendelea kutoa moshi ya bluu, segma zimeharibika ama zimekwama.

Isirudie

Pima oili kila mara mbele ya kuwasha, grupu ikiwa imezimika na imesimama sawa. Vitabu vya grupu nyingi vinaomba kubadilisha oili kisha saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 ao miezi 6.

Kama utaiacha muda murefu, funga robine ya esansi na uiache izime yenyewe. Ikipoa, tia kijiko kimoja cha oili safi ku tundu la buji, vuta kamba pole pole mara mbili, rudisha buji. Iweke juu ya mbao, isiguse udongo. Kile kijiko kimoja cha oili ni bei ndogo sana kuliko pistoni mupya.