Miti Isiyobeba Kitu: Pambo na Uzito katika Little Moreton Hall

Mwaka 1841 msanifu majengo A. W. N. Pugin alishikilia kwamba jengo lisiwe na sehemu yoyote isiyohitajika kwa matumizi, kwa uimara au kwa heshima yake. Pambo, kwake, lilikuwa na kazi moja tu: kuirembesha sehemu ambayo tayari inahitajika. Wengi waliomfuata waliziona nyumba za Kiingereza za kiunzi cha mbao kuwa ushahidi wa kanuni hiyo, maana boriti zake ziko nje na hazifichi kitu. Little Moreton Hall, nyumba iliyozungukwa na handaki la maji karibu na Congleton, Cheshire, inawakanusha.

Kiunzi chenyewe ni cha kweli, hilo halina ubishi. Nguzo za mwaloni zimesimama juu ya boriti iliyolazwa kwenye msingi wa mawe, mbali na unyevu wa ardhi. Mafundi wa zama hizo waliuchonga mwaloni ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka unakuwa mgumu mno. Ulimi wa mti mmoja uliingia katika tundu la mwingine, kisha kikapigiliwa kigingi cha mti, na kadiri mbao zilivyokauka ndivyo kiungo kilivyozidi kubana. Nafasi zilizobaki kwa kawaida zilijazwa fito na kukandikwa udongo.

Lakini tazama kuta zake. Nguzo zimepangwa karibu karibu kuliko uzito unavyodai, na katikati yake kumejazwa vipande vilivyochongwa maumbo ya almasi na petali nne. Sehemu kubwa ya vipande hivyo ingeondolewa na paa lisijue. Miti hiyo ilibeba sifa. Ukoo wa Moreton ulikuwa umejilimbikizia ardhi, ikiwamo iliyopatikana baada ya Henry VIII kuzivunja nyumba za watawa, na kuutumia mwaloni mwingi ukutani kulikuwa njia ya kuutangaza utajiri huo. Tangazo lilikuwa la fundi pia: mwaka 1559 seremala Richard Dale alichonga jina lake kwenye madirisha ya uani, pamoja na la William Moreton aliyemlipa. Sijui seremala wangapi wa karne ile walioruhusiwa kujitaja hivyo. Nadhani ni wachache.

Tamaa ya kuonekana ilifika kileleni katika upande wa kusini, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1560. Juu ya ghorofa mbili uliwekwa ukumbi mrefu wa takriban mita 21, umejaa vioo pande zote, na juu yake paa la mabamba mazito ya mawe. Huenda wazo hilo lilizuka ujenzi ukiwa umeshaanza. Ghorofa za chini hazikuuhimili mzigo huo: zilibetuka, sakafu zikainama, na huo mpindo ndio wageni wanaoupiga picha leo wakidhani ni haiba ya ukale. Ni kosa la hesabu. Kwamba nyumba haikuanguka ni sifa ya viungo vya vigingi, ambavyo hunyumbuka na kujipanga upya pale ambapo ukuta wa mawe ungepasuka.

Umaskini nao ulisaidia. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 ukoo ulikuwa upande wa mfalme, ukafilisika, na baadaye nyumba ikakodishwa kwa wakulima. Aliyekosa fedha hakuibomoa ili ajenge ya matofali kama majirani walivyofanya. Mwaka 1938 ikakabidhiwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale.

Kwa kuwa mpindo huo sasa ni sehemu ya historia ya nyumba, siungi mkono wanaotamani nyumba kama hii inyooshwe. William Morris, alipoanzisha chama chake cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877, alidai yatunzwe bila kurudishwa kwenye ujana wa kubuniwa. Vyuma vilivyoingizwa kuushika ukumbi mrefu vinatii dai hilo: vinauzuia mpindo usiendelee, na vinauacha ulipo. Hilo haliwezi kusemwa kuhusu rangi nyeusi ya lami iliyopakwa kwenye nyumba nyingi za Cheshire katika karne ya 19, ilhali mwaloni wa kale mara nyingi uliachwa ubadilike kuwa kijivu.