Dola 200 za Hamilton

Kisa cha Hamilton Tigers husimuliwa kama onyo. Katika msimu wa 1924–25, timu hii ya mpira wa magongo wa barafuni iliongoza ligi ya NHL, wachezaji wakaingiwa na tamaa, wakagoma mlangoni mwa fainali, mji ukaikosa timu hadi leo. Matukio hayo yote ni ya kweli. Ila kusema kwamba mgomo ndio ulioiua timu ni kuwabebesha wachezaji mzigo wa watu wengine. Timu iliondoka kwa sababu New York ilikuwa na fedha, na wenye ligi walikuwa wamekwisha kuielekea.

Hamilton ni mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Ontario, Kanada. Uliipata timu mwaka 1920 ilipohamishwa kutoka Quebec, na kwa misimu minne mfululizo ikashika mkia. Msimu wa tano, ikiwa na nahodha Shorty Green na mshambuliaji Billy Burch, ikapanda hadi kileleni: ilishinda mechi 19, ikafungwa 10, ikatoka sare moja, na kuipita Toronto kwa pointi moja tu. Msimu huohuo ligi iliingiza timu mbili mpya, Boston Bruins na Montreal Maroons, na mechi za kila timu zikaongezeka kutoka 24 hadi 30. Malipo ya wachezaji yakabaki palepale. Boston peke yake ililipa dola 15,000 ili ikubaliwe. Wachezaji wa Hamilton walitaka dola 200 kila mmoja kwa jasho la mechi sita za ziada. Hata ukihesabu wachezaji kumi, dai lote halizidi dola 2,000.

Rais wa ligi, Frank Calder, alikuwa na jibu lake, na si jibu la kupuuzwa. Mikataba, alisema, ilitaja kipindi cha kazi wala haikutaja idadi ya mechi. Aliyetia saini atimize. Kwa herufi za mkataba alikuwa na haki. Lakini mkataba huo ulikuwa wa namna gani? Mchezaji hakuwa na ruhusa ya kwenda kutafuta mwajiri mwingine ndani ya ligi, na ratiba ilipangwa na mwajiri peke yake. Ukimfunga mtu asiondoke, kisha ukamwongezea kazi, kumwambia kwamba alikubali mwenyewe ni kumkejeli. Calder aliwasimamisha wote na kuwatoza faini ya dola 200 kila mmoja, kiasi kilekile walichodai. Ubingwa wa ligi wakapewa Montreal Canadiens waliokuwa wameitoa Toronto, nao wakaenda kufungwa na Victoria Cougars katika fainali ya Kombe la Stanley.

Je, dai lao lilikuwa kubwa kupita thamani yao? Soko lenyewe lilijibu miezi michache baadaye. Bill Dwyer, tajiri wa New York aliyetajirika kwa magendo ya pombe enzi za marufuku, alinunua mikataba yao kwa dola 75,000, akawavalisha jezi za New York Americans, akawaongezea mishahara Green na Burch kwa kiasi kilichozipita mbali zile dola 200. Wagomaji walewale waliogeuka mfano wa tamaa wakawa ghafla bidhaa adimu, ingawa ligi ilidai kwanza waombe radhi na walipe faini.

Wapo wanaosema kwamba bila mgomo Dwyer asingepata timu ya kununua. Ni kweli kwamba ulimrahisishia. Lakini haki ya kuanzisha timu New York ilikwisha kutolewa kabla ya msimu huo kwa Thomas Duggan, mfanyabiashara wa Montreal, na Dwyer aliipata kwake. Kilichokosekana ni uwanja, na Madison Square Garden mpya ulikuwa unajengwa, wenye viti vingi ambavyo ukumbi wa Barton Street kule Hamilton usingeweza kamwe kushindana navyo.

Kosa la wachezaji, kama ni la lazima kutajwa, lilikuwa kugoma peke yao. Timu nyingine zilicheza mechi hizohizo 30, lakini hakukuwa na chama cha kuziunganisha. Ted Lindsay wa Detroit alipojaribu kukiunda mwaka 1957, aliuzwa Chicago mwaka huohuo. Chama kilichodumu kikapatikana 1967.