Inchi 25 au Inchi 30? Kisa cha Urefu wa Mtutu

Leo tuweke tarakilishi kando kidogo, wasomaji wangu, ingawa mtaona kwamba sijaenda mbali. Nataka tuongee juu ya bunduki ya marisau, ile ambayo wengi wetu huiita shotigani, na swali moja tu kuihusu: mtu anayetembea mashambani na mbwa wake akiwinda ndege, mtutu wake uwe na urefu gani?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hivyo siandiki ili mtu akanunue. Kilichonivuta ni ubishi uliozuka Uingereza miaka ya 1920 juu ya nambari mbili, 25 na 30. Sisi tunaoandika programu tunaijua hali hiyo. Unafungua programu ya zamani, unakuta nambari 30 imekaa mahali fulani, na ukiuliza kwa nini isiwe 20 au 40 unajibiwa, "Iache hivyo hivyo, inafanya kazi."

Basi 30 ilitoka wapi?

Tuanze na gobori la gumegume. Katika karne ya 18, bunduki ya kuwindia ndege huko Uingereza ilikuwa na mtutu wa inchi 40 na zaidi. Hayo hayakuwa mapambo. Baruti nyeusi iliwashwa kwa moto uliopenya kitundu kidogo ubavuni mwa mtutu, na ilihitaji muda kuungua yote. Gesi ya baruti ndiyo inayosukuma marisau. Yakishatoka mdomoni kabla baruti haijamaliza kuungua, nguvu iliyobaki inaishia hewani bure. Kwa hivyo mtutu mrefu ulikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa baruti yenyewe.

Mwaka 1787 fundi wa London aitwaye Henry Nock alipata hataza ya kubadilisha sehemu ya nyuma ya mtutu. Kwake moto uliingia kwanza katika kichumba kidogo, kisha ukarushwa kwa nguvu ndani ya baruti kuu. Baruti ikaungua upesi zaidi, na mtutu ukaweza kukatwa. Ukiwa mfupi, basi hata miwili ubavu kwa ubavu inabebeka. Joseph Manton, fundi mwingine wa London, alitengeneza bunduki za mitutu miwili zilizoigwa na kila mtu. (Yeye mwenyewe alifilisika mwaka 1826. Hadithi ya kawaida kwa wavumbuzi, hata katika fani yetu.) Urefu ukashuka hadi inchi thelathini na kitu.

Hapa lazima nimtaje kasisi mmoja wa Scotland, Alexander John Forsyth. Alikerwa kwamba ndege wa majini waliona mwako wa gumegume na kukwepa kabla marisau hayajafika. Kwa maneno ya leo tungesema mfumo ulikuwa na ucheleweshaji, na ndege walikuwa wameugundua. Mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Fataki zote zilizofuata zimetokana na wazo hilo.

Mambo mawili zaidi yaliondoa kabisa haja ya urefu. La kwanza ni kubana kidogo mdomo wa mtutu ili marisau yasitawanyike mapema. William Pape wa Newcastle alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1866, na katika majaribio ya London ya mwaka 1875 mitutu ya W. W. Greener wa Birmingham iliyobanwa hivyo ilionyesha tofauti mbele ya watu. La pili ni baruti isiyo na moshi. Schultze, afisa wa Prussia, alitengeneza ya kwake kwa mbao katika miaka ya 1860, na mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatoa iliyokuwa bora zaidi kwa majeshi. Baruti za namna hii, zikichanganywa kwa ajili ya marisau, humaliza sehemu kubwa ya kazi karibu na mwanzo wa mtutu.

Hebu tazama basi hali ilivyokuwa kufikia mwaka 1900. Baruti ya zamani imeondoka na gumegume limeondoka, lakini inchi 30 bado zimekaa palepale.

Aliyeuliza kwa sauti alikuwa Robert Churchill. Alirithi duka la bunduki la ami yake, E. J. Churchill, mwaka 1910. Alikuwa mtu mfupi, mnene, na mjuzi wa biashara. Vilevile alikuwa shahidi mtaalamu wa bunduki mahakamani, na ushahidi wake ulitumika katika kesi maarufu ya mauaji ya polisi Gutteridge, aliyeuawa mwaka 1927. Churchill alianza kuuza bunduki za mtutu wa inchi 25 na kuziita XXV, kwa nambari za Kirumi. Juu ya mitutu aliweka ukingo mwembamba unaozidi kuwa mwembamba kuelekea mbele, ili jicho lidanganyike na kuona urefu ambao haupo. Waliozoea 30 walimcheka. Walisema bunduki fupi haina nguvu, tena inapiga kelele mno masikioni.

Kuhusu kelele walikuwa sahihi. Kuhusu nguvu, tupige hesabu. Kwa risasi za kisasa, kila inchi ya mtutu huongeza takriban futi 5 hadi 10 kwa sekunde, katika mwendo wa kama futi 1,200 kwa sekunde. Inchi tano basi ni futi 50 ukizidisha sana, yaani asilimia 4 hivi. Ndege akiwa yadi 30, marisau humfikia kwa karibu moja ya kumi ya sekunde. Ndege anayeruka maili 40 kwa saa, katika tofauti hiyo ya muda, atakuwa amesogea chini ya inchi 3. Na duara ambalo mafundi hutumia kupimia mtawanyo wa marisau lina upana wa inchi 30! Churchill alishinda hapo.

Lakini kulikuwa na hoja nyingine ambayo hesabu hiyo haigusi. Uzito ulio mbele ya bunduki ni mgumu kuanza kuuzungusha, na vilevile ni mgumu kuusimamisha, na ugumu huo hukua kwa mraba wa umbali. Gramu ileile ikiwekwa inchi 30 kutoka mahali inapozungukia, badala ya inchi 25, ugumu wake ni mara 1.44. Bunduki fupi huinuka upesi, ila mkono ukisita kidogo nayo inasita, na marisau yanapita nyuma ya mkia. Hilo si jambo dogo: ndege aliyepigwa nyuma mara nyingi haanguki pale, huenda kufia kichakani asionekane.

Kwa maoni yangu Churchill alikuwa sahihi kuhusu baruti, na alikosea kuuza jibu moja kwa miili yote. Yeye alikuwa mfupi, na mtindo wake wa kupiga ulikuwa wa haraka. Anayepita vichakani, ambako ndege huruka karibu na miguu na kupotea mara moja, atafaidika na mtutu mfupi. Mrefu wa mikono aliye kwenye uwanja wazi atapendelea ule unaoendelea kuzunguka wenyewe.

Churchill alifariki mwaka 1958, na wanunuzi wengi wamerudi kwenye inchi 28 hadi 30. Ila anayelinganisha leo asisome nambari ya mtutu peke yake. Bunduki inayojipakia yenyewe ina mtambo mrefu nyuma ya mtutu, unaoongeza kama inchi 3 au 4. Mtutu wake wa inchi 26 hufanya bunduki nzima ilingane na ya mitutu miwili ya inchi 29 au 30. Nambari ni tofauti, lakini mkononi urefu ni uleule.