Wapiga mbizi wa Iskandaria na jina linalowagombanisha Waitalia

Katika kampeni za uchaguzi wa Bunge la Ulaya mwaka 2024, Jenerali Roberto Vannacci aliwataka wapiga kura wa Italia wachore "Decima" kwenye karatasi ya kura. Neno hilo moja likazua zogo. Decima MAS kilikuwa kikosi cha wanamaji wa Italia kilichojipatia sifa na aibu katika vita hivyo hivyo, Vita vya Pili vya Dunia.

Mbegu yake ilipandwa Novemba 1, 1918, Waitalia Raffaele Rossetti na Raffaele Paolucci walipoizamisha manowari Viribus Unitis bandarini Pola. Miaka ya 1930 Teseo Tesei na Elios Toschi wakaunda torpedo ya mwendo wa pole, inayopandwa na watu wawili kama farasi. Kichwa chake, chenye takriban kilo 300 za baruti, huchomolewa na kuning'inizwa chini ya meli ya adui. Kwa ukaidi wake, wakakiita chombo hicho "nguruwe".

Usiku wa Desemba 18, 1941, nyambizi Scirè, iliyoongozwa na Junio Valerio Borghese wa Decima, iliwashusha watu sita na nguruwe watatu nje ya bandari ya Iskandaria, Misri, kituo kikubwa cha Waingereza. Nyavu za lango zilipofunguliwa kupisha manowari zilizokuwa zikirejea, nao wakapenya.

Luteni Luigi Durand de la Penne na Emilio Bianchi walipangiwa manowari Valiant. Nguruwe wao akazama. Bianchi, kifaa chake cha kupumulia kikiwa kimemtoka, akaibuka juu. De la Penne akamkokota nguruwe peke yake kwenye tope hadi chini ya meli, akatega bomu, akapanda juu. Wote wawili wakakamatwa. Nahodha wa Valiant, Charles Morgan, akauliza bomu liko wapi. Kimya. Akaamuru wafungiwe chini kabisa ya meli.

Wapwani husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. De la Penne alirejea ngamani kweli, juu ya bomu lake mwenyewe. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi, aliomba kumwona nahodha: meli italipuka, okoa watu wako. Liko wapi? Hakusema. Akarudishwa chini.

Alfajiri ya Desemba 19, Valiant, Queen Elizabeth na meli ya mafuta Sagona zililipuka moja baada ya nyingine. De la Penne na Bianchi walinusurika. Kwa kuwa kina kilikuwa kifupi, manowari zile mbili zilikaa wima sakafuni, na Waingereza wakajifanya hakuna lililotokea ili kuzihadaa ndege za adui.

Italia iliposalimu amri Septemba 1943, kikosi kiligawanyika. De la Penne alikwenda upande wa Washirika. Borghese alibaki na Wajerumani, na Decima yake ikawasaka Waitalia wenzao waliokuwa wakiwapinga Wajerumani msituni. Machi 1945, mjini Taranto, de la Penne alitunukiwa medali ya dhahabu. Aliyemvisha alikuwa Morgan yule yule.

Borghese aliongoza jaribio la mapinduzi mwaka 1970, akafia Hispania mwaka 1974.

Wanasiasa wanaoitumia Decima kama bendera wangefaa kutaja majina badala ya nembo: De la Penne, Bianchi, Marceglia, Schergat, Martellotta na Marino. Hao ndio waliopanda nguruwe usiku ule. Borghese hakuwa mmoja wao.