Kiashiria Si Kipimo

Mzazi anapofika kliniki ya watoto jijini Mwanza na mtoto wa miaka mitatu ambaye haongei, ukimwita jina hageuki, hakawii kuuliza: "Daktari, hakuna kipimo cha damu?" Ana haki ya kuuliza. Malaria hupimwa kwa tone la damu ya kidole na majibu hutoka baada ya dakika 15 hivi. Usonji hautambuliwi hivyo. Mtaalamu humtazama mtoto anavyocheza na anavyowasiliana, kisha humsikiliza mzazi akieleza makuzi yake tangu uchanga. Hata hivyo, watafiti wamekuwa wakiichunguza damu ya watoto hawa kwa miaka mingi, na wanachokitafuta humo kina istilahi yake: kiashiria cha kibayolojia.

Kiashiria kimetokana na kitenzi kuashiria, ndugu yake ishara. Wengine huandika kiashirio, na maana ni ileile. Tumelizoea neno hili kwenye habari za uchumi, tunaposoma kuhusu viashiria vya umaskini. Katika tiba ni kitu kilichomo mwilini ambacho kiwango chake kinaweza kupimwa kikatupa fununu ya jambo tusiloliona kwa macho. Hapo ndipo kinapoachana na dalili, maana dalili mzazi anaiona mwenyewe: homa, degedege, ukimya. Alama nayo ingefaa, ila alama hutulia mahali pamoja, mathalani kovu la chanjo mkononi, ilhali kiashiria hupanda na kushuka. Mimi nakipenda kiashiria kwa uaminifu wake. Kinaonyesha upande wa kutazama, hakitoi hukumu.

Katika usonji, viashiria vya kinga vinavyotajwa zaidi ni saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga hupeana taarifa kwazo: nyingine huamsha mapambano, nyingine huyatuliza. Mwaka 2011 Paul Ashwood na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya watoto 97 wenye usonji waliolinganishwa na 87 wanaokua kawaida. Saitokini kadhaa za kuamsha, ikiwemo interleukini-6, zilikuwa juu, hasa kwa watoto ambao usonji wao ulijitokeza kwa kupoteza stadi walizokwisha kuzipata. Uchambuzi wa tafiti 17 uliotoka mwaka 2015 ulikuta mwelekeo unaofanana, na TGF-beta 1, ambayo ni ya kutuliza, ikiwa chini. Lakini huo ni wastani wa makundi. Ukimchukua mtoto mmoja mmoja, viwango vya wenye usonji na wasio nao vinaingiliana, kwa hiyo hakuna maabara inayoweza kusoma namba hizo ikamwambia mama kwamba mwanawe ana usonji.

Sasa tuyalete matokeo hayo ziwani. Mtoto anayekulia Ukerewe au mwaloni Sengerema huoga ziwani, huchota maji humo, na wengi hupata kichocho cha tumbo. Minyoo yake huishi miaka kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, na haikai kimya: hupandisha eosinofili, mojawapo ya seli nyeupe za damu, na pia husukuma kinga ya mtoto itulie ili yenyewe isalimike. TGF-beta ni miongoni mwa saitokini za utulizaji huo. Malaria nayo ikiingia, interleukini-6 hupanda. Basi kwa mtoto mwenye usonji aliyebeba pia kichocho na malaria, kimoja kinaweza kuvuta juu kile ambacho kingine kinakivuta chini. Kiashiria ni kama taa ya mvuvi: usiku wa giza, ukiwa mlimani Bugando, taa za wavuvi wa dagaa zinakuonyesha kwamba kuna mitumbwi. Wavu umekamata nini, taa haisemi.

Kuhusu malaria na usonji, Tanzania ina ushahidi wake wa kufikirisha. Mwaka 2006 Raymond Mankoski na wenzake, akiwemo Noah Ndosi, walichapisha habari za watoto 20 wa hapa nchini. Kati yao 14 walitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri hadi miezi 22, 35 na 42, kisha wakaugua malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege, na usonji ukaonekana walipopona. Kwa wengine wanne ugonjwa mkali na usonji vilikaribiana, lakini waandishi walitahadharisha kwamba huenda ni sadfa, kwa kuwa malaria ni ya kila siku na dalili za mwanzo za usonji hujificha. Saba hawakuwa na uhusiano wowote na malaria. Tahadhari hiyo naiheshimu sana, kwa sababu ingekuwa rahisi kuwatangaza wale watatu na kuwasahau saba.

Kwa sababu ya kichocho na malaria, viwango vya California haviwezi kutumika Mwanza kama vilivyo. Mtoto wa Ukerewe mwenye usonji alinganishwe na jirani yake wa Ukerewe, wa rika lake, na kabla damu haijavutwa wote wawili wapimwe malaria na choo chao kiangaliwe mayai ya kichocho. Uwezo huo jiji linao, maana Hospitali ya Kanda ya Bugando ipo, na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimechunguza kichocho cha ukanda huu kwa miaka mingi.

Na mzazi anayeambiwa alipie kipimo cha saitokini ili ajue kama mwanawe ana usonji, fedha hiyo aitumie nauli ya kumpeleka kwa mtaalamu wa matamshi na mawasiliano. Mafunzo ya mtaalamu huyo yanaweza kuanza wiki hii, bila kusubiri majibu ya maabara yoyote.