Utomvu Usiostahimili Moto

Ndani ya jino, msomaji, mna chumba kidogo, na kutoka humo vijia vyembamba hushuka mpaka nchani mwa mizizi. Humo mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo ukiifikia, nyama hiyo hufa, na tabibu hana budi kuiondoa, kuvisafisha vijia, kisha kuviziba. Habari yetu ni ya kile kizibo.

Huitwa gutapecha, nao ni utomvu wa mti wa misitu ya Malaya. Wenyeji wa huko waliufanyia mipini ya visu vyao kabla Wazungu hawajaujua. Mwaka 1843 William Montgomerie, daktari aliyetumika Singapore, alipeleka vipande vyake London. Hauchukui maji, kwa hiyo ukavikwa nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari, kama ule wa mwaka 1851 baina ya Uingereza na Ufaransa. Na hata Zanzibar ilipofikiwa na waya kama huo mwaka 1879, kazi ilikuwa ya utomvu huu. Mwaka 1867 tabibu wa meno wa St. Louis, Marekani, aitwaye G. A. Bowman, aliuziba kwao mzizi wa jino.

Mwaka huo huo wa 1867, Joseph Lister alitangaza katika Uingereza jinsi alivyookoa majeruhi kwa kuosha vidonda kwa asidi ya kaboliki. Mambo hayo mawili yalikuwa marika, lakini yalikawia mno kukutana. Chuma huchemshwa kikatakata. Gutapecha hulainika kwa joto la digrii 60 hivi, na mvuke wa kusafishia vyombo hufika digrii 121. Ukiutia humo, unautoa umeharibika umbo. Basi tabibu aliweza kuusafisha mzizi kwa bidii zote, kisha akaingiza vijidudu upya kwa kizibo chenyewe.

Ubaya wa kazi chafu ulionekana. Mwaka 1910, huko Montreal, Canada, tabibu William Hunter kutoka London aliwashutumu vikali waliojenga mapambo ya dhahabu juu ya meno yenye usaha. Kuhusu uchafu alisema kweli. Lakini woga uliofuata ulivuka mpaka: kwa miaka mingi watu waling'olewa meno ambayo yangeweza kuponywa, kwa kudhaniwa kuwa ndiyo asili ya baridi yabisi na maradhi mengine mengi. Huko ni kukata mkono kwa kuogopa kidonda cha kidole.

Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya. Wale walioishi na vijidudu vya kawaida, nyama ya meno yao ilikufa. Wale waliolelewa pasipo kijidudu hata kimoja, tundu lilianza kujiziba lenyewe. Mkosaji akajulikana: si jino, bali vijidudu.

Kilichobaki ni kizibo. Mwaka 1975 Senia na wenzake walionyesha kwamba gutapecha ikizamishwa dakika moja katika hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 5.25, hutakata. Dawa hiyo ni ile ile inayong'arisha nguo nyeupe nyumbani! Tabibu huitoa gutapecha humo na kuisuuza kwa maji safi yasiyo na vijidudu au kwa spiriti, kwa kuwa dawa ikikauka huacha chembe za chumvi juu yake, na kizibo kisishike sawasawa ukutani mwa mzizi.